Mtani wa Bi Mosi

Bi Mosi alikata roho Jumamosi alfajiri, mlima ukiwa bado umejifunika ukungu, na kitu cha kwanza alichofanya mwanawe Halidi, kabla hata chozi halijamtoka, ni kupiga simu getini kuomba ruhusa.

"Ruhusa ya nini, bosi?" aliuliza mlinzi.

"Ya wageni. Nina msiba. Mama amefariki."

"Aisee. Pole sana, bosi." Mlinzi akakohoa kidogo. "Wageni wangapi?"

Kwao Kinole, kijijini juu mlimani, watu wa msiba hawahesabiwi. Mtu akifa mlango unaachwa wazi, mikeka inatandikwa, na anayekuja kaja. "Wengi," alisema.

"Mfumo haukubali wengi, bosi. Mwisho wageni kumi kwa nyumba. Wakizidi hapo, taarifa siku tatu kabla, au uongee na mwenyekiti."

"Siku tatu kabla ya nini? Kabla mama hajafa?"

"Mimi natekeleza tu, bosi."

Ndivyo mambo yalivyokuwa Mlimani Oasis. Ni mji mdogo uliozungushiwa ukuta, pembeni ya barabara kuu ya Dar es Salaam, kabla hujafika Mikese. Mapaa yake yote yana rangi moja na nyasi zake zote kimo kimoja. Kuna bwawa la kuogelea, jengo la klabu, chumba cha mazoezi, njia ya kukimbilia iliyopandwa minazi ya mapambo isiyozaa nazi, na uwanja wa tenisi ambao Halidi hakuwahi kumwona mtu akiucheza. Wakazi wengi wana kazi Dar es Salaam au Dodoma. Wanashuka na treni ya umeme Ijumaa jioni, wanapumzika, wanaondoka. Na waliouza nyumba zile waliuza na mlima. Dirisha linalotazama Uluguru lilikuwa na bei yake, na dirisha linalotazama barabara bei yake. Halidi alilipia mlima.

Alikuwa na uwezo huo. Iliki, mdalasini na pilipili manga za Kinole zilipita mikononi mwake kwenda Dar na kuvuka bahari, na hakuna aliyemshika mkono alipoanza. Magoti ya mama yake yalipogoma kupanda vilima, alimshusha akampa chumba cha juu chenye baraza. Bi Mosi alisimama pale siku ya kwanza akauangalia mlima aliozaliwa juu yake.

"Hivi huu umeununua?"

"Nimenunua kuuona, mama."

"Kuuona!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nimeukanyaga maisha yangu yote bure, leo mwanangu analipa kuuchungulia."

Hicho kilikaribia kuwa kicheko chake cha mwisho mle ndani. Alimsalimia kila aliyepita chini ya baraza, na waliopita walikuwa na vitu masikioni, hawakumsikia. Alianika magome ya mdalasini kwenye ukingo wa baraza, kamati ya wakazi ikamwomba Halidi kwa adabu ayaondoe, yanaharibu sura ya nyumba. Akayaondoa. Baada ya hapo Bi Mosi akawa mtu wa kukaa kwenye kiti, anautazama mlima kama abiria anayetazama gari lililomwacha.

Aliyebaki kumchangamsha alikuwa Kondo.

Ukoo wa Bi Mosi na ukoo wa Kondo ni watani tangu enzi za mababu. Asiyeujua utani wa Waluguru atadhani ni ugomvi. Mtani anakutukana hadharani na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anaingia jikoni kwako anafunua chungu. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi lako, yeye ndiye anayekubeba, na yeye ndiye anayewachekesha wanao ili kilio kisiwamalize. Anavaa nguo zako, anaigiza mwendo wako, anaiba kitu chako cha thamani na kukimbia nacho, na wafiwa sharti wamkimbilie papo hapo, kwa vigelegele na matusi, wakikomboe kwa kuku au kwa chochote. Kumkimbilia ndiko kusema: huyu ni wetu. Msiba usio na mtani ni kilio kitupu.

Kondo alikuwa rika moja na Bi Mosi, mkulima wa ndizi, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Mara ya kwanza alipokuja Oasis, walinzi walipomuuliza anamtafuta nani, alipaza sauti hiyo yote: "Mwiteni yule mchawi Halidi, kichwa kama nanasi, aliyemfungia mama yake kwenye friji!"

Wakazi walitoka vibarazani. Jioni, kando ya bwawa, mwenyekiti wa kamati, Bwana Evance, mtu mpole anayevaa viatu vya michezo hata akienda kanisani, alimvuta Halidi pembeni.

"Ndugu yangu, yule mzee ana matatizo ya akili?"

Halidi alikuwa mwenyeji pekee katika mtaa ule. Wenzake walipotaja watu wa nje ya ukuta waliwaita wanakijiji, na yeye alikuwa amejizoeza kutabasamu. "Uzee tu," alisema.

Mama yake alipopata habari hakucheka.

"Umesema Kondo ni mwehu?"

"Nimerahisisha, mama. Watu hawa hawaelewi mambo yetu."

"Si uwaeleweshe? Mdomo unao." Kisha akamshika mkono. "Nisikilize, Halidi. Siku yangu ikifika, Kondo na watu wake ndio watakaoniweka chini. Usiniletee vijana wa kukodi. Na wewe uwe pale pale, akutukane vizuri mbele za watu, nisikie. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Sasa siku ilikuwa imefika.

Mjomba wake, mzee Yunusi, ndugu wa mama na mkubwa wa ukoo, alipokea simu akiwa Kinole. Baada ya kumwitikia shikamoo yake, alisema, "Mlete basi. Wanawake wa huku watamwosha, kaburi linaanza kuchimbwa sasa hivi, tuzike alasiri."

"Mjomba, naomba mama atokee nyumbani kwangu. Njooni mumchukue hapa."

"Kwa nini tuteremke kumfuata maiti anayepanda?"

"Naomba tu, mjomba." Sababu aliijua. Kinole kulikuwa na maneno kwamba Halidi kamficha mama yake nyuma ya ukuta kama kitu cha wizi. Alitaka waje kwa macho yao waone kitanda, waone bafu la maji ya moto, waone baraza. Waone kwamba hakumtupa. Kiburi kina njaa hata siku ya msiba.

"Haya," alisema mzee Yunusi. "Tutashuka."

Halidi akaenda kumtafuta mwenyekiti. Alimkuta kando ya bwawa akisimamia vijana waliokuwa wanajaza upepo jumba la kurukia watoto, jekundu na la njano, lenye umbo la kasri. Kulikuwa na sherehe ya mtoto wa mtu.

"Pole sana, Halidi. Pole sana." Evance alimkumbatia, na hakuwa mnafiki. "Mama alikuwa mtulivu mno. Sasa, ukumbi ndio huu una shughuli. Tufanyeje? Wageni waingie kumi kumi. Gari lao libaki nje, maana barabara zetu za ndani hazibebi lori. Turubai haitawezekana, nyasi zitakufa. Na kama inawezekana…" Akashusha sauti. "Kilio kiwe cha ndani kidogo. Kuna watoto."

Halidi Mluguru, mtu aliyewahi kumrushia ngumi dalali wa Kariakoo kwa kumwita mshamba, alisema, "Sawa. Asante, mwenyekiti."

Fuso lilifika saa nne likiwa limejaa watu wamesimama, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, vijana wa ukoo wa Kondo na majembe yao wamekaa ukingoni. Kiongozi wa msafara alikuwa mzee Yunusi, kanzu nyeupe na fimbo. Waliposhuka wakakuta geti limefungwa.

"Nani anaingia kwanza?" mlinzi aliuliza.

"Kwani tumekuja kupanda ndege?" alijibu mwanamke mmoja, na wenzake wakacheka, kisha wakakumbuka kilichowaleta wakaanza kulia.

Waliingia waoshaji. Mzee Yunusi akaingia nao. Halidi akawapitisha mbele ya chumba cha mazoezi na mbele ya bwawa, na kwa kila walichopita alingoja mtu aseme kitu. Mzee Yunusi aliuliza jambo moja tu: "Jirani zako wako wapi?"

"Wapo, mjomba."

"Sijaona hata mmoja na kigoda mlangoni kwako."

Raya, mke wa Halidi, aliwapokea wageni akiwa ametandika mikeka sebuleni, amesukuma sofa ukutani. Maiti ikaoshwa juu, ikavikwa sanda, ubani ukafukizwa. Wanawake walilia kwa kubana midomo, kama walivyoombwa, na kilio kilichobanwa kikawa kibaya kuliko kilio chenyewe.

Ndipo zamu ya wengine kumi ikafika, na Kondo akaingia.

Hakubana chochote. Alianzia mlangoni. "Mosi! We Mosi mvivu! Nilipanga nife mimi kwanza, umenipita kwenye kona!" Alipanda ngazi kwa magoti akiigiza magoti mabovu ya marehemu, akashuka amevaa dera lake la maua, amejitanda ushungi wake, mkoba wake begani. Akatembea katikati ya wanawake kwa ule mwendo wa Bi Mosi wa kukanyaga kama anayejaribu maji ya mto. Midomo iliyobanwa ikafunguka. Wanawake walicheka huku machozi yanawatiririka, wakapigana vibao mgongoni, na Halidi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, alihisi kifua chake kinaanza kupasuka kama inavyotakiwa.

"Na wewe, kichwa nanasi," Kondo akamgeukia, "nani atakudekeza sasa? Utanyonya bomba la bwawa?"

Halidi alikuwa amefungua kinywa amjibu. Ndipo Evance akaingia na mkewe, Catherine, wamevaa nyeusi, wamebeba maua yaliyofungwa kwa nailoni.

Kicheko kilikatika. Catherine alisimama na maua yake hajui ampe nani. Kondo akamkaribisha kwa sauti ya Bi Mosi. "Karibuni wanangu! Kaeni! Ninyi si ndio mlionikatalia mdalasini wangu?" Akaketi kwenye sofa katikati yao, dera limepanda magotini, miguu yake ya shambani imenyooka mbele, akamwegemea Evance begani. "Baba, hebu nipepee, nimekufa leo."

Evance alitabasamu kama mtu aliyekaliwa na nyuki. Kondo alipoinuka kurudi juu, mwenyekiti akamwinamia Halidi.

"Huyu ni ndugu yako?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa sentensi moja fupi: huyu ni mtani wetu, na leo ana haki kuliko mimi. Hata mtoto wa Kinole angelisema. Lakini Halidi aliona macho ya Catherine yakiwa kwenye ile miguu, akaona jumba la kurukia dirishani, akaona miaka yake mitatu ya kutabasamu kando ya bwawa ikimwagika kwenye zulia.

"Hapana," alisema. "Hata simjui vizuri. Ni mlevi wa huko kijijini, anafuata misiba apate kula."

Raya, aliyekuwa anapita na sinia la kahawa, alisimama. "Baba Mwanvita! Umesema nini?"

"Baadaye, mke wangu."

Ngazi zikalia kishindo. Kondo alishuka na televisheni ya chumbani kwa Bi Mosi kichwani, waya unaburuta nyuma yake kama mkia. "Nimeiba!" alipiga kelele. "Nimemwibia marehemu! Mwenye mali anikimbize!" Akatoka mlangoni mbio, dera linapepea.

Wanawake walipiga vigelegele. Wote wakamgeukia Halidi. Kazi ilikuwa yake, mwana wa marehemu: atoke mbio, amtukane Kondo mpaka getini, amdake, amkomboe, warudi wameshikana mabega.

"Mfuate!" Raya alimsukuma. "Mtani kaiba, mfuate!"

"Wageni wakitoka nitamfuata."

"Anachukua televisheni," Evance alisema, amesimama.

"Mwache tu. Hawezi kwenda mbali."

Evance alielewa alivyoelewa. Alitoa simu, akasogea kando ya dirisha kwa heshima, akaongea kwa kifupi, akarudi. "Usijali, ndugu yangu. Wewe endelea na msiba. Walinzi nimewaambia, nimewaeleza kwamba mwenyewe hamjui." Akampigapiga bega. "Leo si siku ya wewe kuhangaika na vibaka."

Halidi alikaa. Itoshe kusema hivyo tu: alikaa. Alimsikiliza Catherine akisema mama yuko mahali pazuri zaidi. Akaitikia. Kahawa ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa ameinywa nusu, kelele ziliposikika kutoka getini.

Alipofika pale alikuwa anakimbia, lakini mbio zile zilikuwa zimechelewa. Kondo alikuwa chini kwenye vigae vizuri vya Oasis, amejikunja kuukinga mkono wake wa kulia, ushungi umemfunika uso. Walinzi wawili wamesimama juu yake na virungu. Nje ya nondo za geti walikuwa watu wa Kinole waliosubiri zamu, wameona mwanzo hadi mwisho, wanatikisa chuma, wanalia, wanatukana. Mtoto mmoja wa sherehe alikuwa amesimama kwenye nyasi na puto mkononi.

"Tumemdaka, bosi," mlinzi alisema, anahema. "Tulimuuliza televisheni ya nani, anasema nimeiba. Anasema mwenyewe! Tumempa nafasi aeleze, anacheka tu, anasema mwiteni Halidi anikomboe."

Kondo aliinua uso. Damu ilikuwa kwenye meno, na bado alikuwa anajaribu kucheka, kwa sababu mtani akiacha kucheka kabla hajakombolewa anakuwa mwizi kweli. "Amekuja," alisema. "Haya, nanasi. Waambie mimi ni nani."

Halidi alifungua kinywa. Evance, aliyekuwa amefika nyuma yake, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyeshangaa, na nondo za geti hazizuii sauti: "Lakini si umeniambia humjui? Si umesema ni mlevi?"

Watu wa Kinole waliziachia nondo wote kwa pamoja.

Kondo alimtazama Halidi. Alingoja. Kile kicheko kikamtoka usoni pole pole, na kilipokwisha alikuwa mzee tu, amevaa nguo ya mwanamke, amevunjika mkono.

"Mwacheni," Halidi alisema. "Ni… mwacheni. Ni mtu wetu." Lakini neno hilo aliwaambia walinzi, na lilikuwa limekwisha kuoza.

Walimfunga Kondo mkono kwa kanga. Alikataa hospitali. "Kwanza Mosi," alisema, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho mle ndani. Mzee Yunusi aliagiza jeneza litolewe, wanaume wakalibeba, wanawake wakatoka nyuma yake wakilia sasa kwa sauti yote waliyokuwa nayo, wakipita kando ya bwawa, na muziki wa sherehe ukazimwa, nadhani kwa heshima, au kwa hofu.

Halidi aliendesha gari lake nyuma ya Fuso, Raya kando yake. Njia yote ya vumbi, tangu lami ilipokwisha mpaka migomba ilipoanza, Raya alitazama nje ya dirisha, na Halidi alijisemea kwamba faini ipo. Utani una faini. Atatoa mbuzi, atatoa ng'ombe, atapiga magoti. Mambo haya yana njia zake.

Kinole walikuta kaburi limefika kiunoni na limeachwa. Habari ilikuwa imetangulia kwa simu. Vijana wa ukoo wa Kondo walikuwa wamepanda juu ya ukingo, majembe yao yamelala chini, na wale waliotoka na Fuso wakashuka wakaweka majembe yao juu ya yale.

"Watani, kuna nini?" mzee Yunusi aliuliza, ingawa alijua.

Alijibu kijana mmoja, Hatibu, mpwa wa Kondo, aliyetegemewa kuurithi utani wake. "Sisi hatujulikani, mzee. Tutamzikaje mtu wa watu wasiotujua?"

"Nitalipa," Halidi alisema, akijipenyeza mbele. "Semeni faini yoyote. Semeni!"

"Faini analipa mtani," Hatibu alisema, hata hakuinua sauti. "Asiyenijua hana cha kunilipa."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Jeneza lilikuwa juu ya mkeka chini ya migomba, nzi wanazunguka, wanawake wanawafukuza kwa kanga. Wangeweza kuchimba wengine. Mikono haikukosekana Kinole. Lakini hakuna aliyesogea, kwa sababu kila mtu pale alijua ni nani Bi Mosi aliyemtaka. Wazee wa pande mbili wakajitenga, wakateta muda mrefu. Kondo alikaa kwenye jiwe, mkono umefungwa kifuani, hakushiriki.

Mzee Yunusi alirudi akamchukua Halidi pembeni.

"Mama yako alikuachia neno gani juu ya maziko yake?"

"Kwamba Kondo na watu wake wamweke chini." "Na mimi niwepo."

"Basi ni moja kati ya hayo mawili. Watachimba, watazika, na Kondo atafanya kazi yake yote. Ila wewe ukiwa pale kaburini, wao hawapo. Mimi nimeomba nilivyoweza, mpwa wangu. Nimeshindwa."

"Mjomba, mimi ni mwanawe wa pekee."

"Nani amekunyang'anya hilo? Chagua."

Halidi aliangalia jeneza. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuulizwa jambo bila watu kumtazama. Walikuwa wanatazama chini, hata Raya.

"Wamzike wao," alisema.

Akateremka peke yake mpaka alipoegesha gari, kwenye ukingo wa njia, nyuma ya migomba. Kutoka pale hakuona kitu. Alisikia majembe yakianza tena. Alisikia dua, akaitikia amina peke yake, kwa sauti ndogo. Kisha akasikia sauti ile ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, imepungua nguvu lakini ni ile ile: "Sogea kidogo, Mosi, usijitanue, hilo shimo nimelichimba la watu wawili!" Na watu wakacheka. Walicheka na kulia kwa pamoja, kicheko kikubwa kilichokamilika, na udongo ukaanza kudondoka. Msiba wa mama yake ulikuwa mzuri. Ulikuwa vile vile alivyoutaka, haukupungukiwa na kitu isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa kando ya njia ameegemea gari.

Wakaanza kuteremka. Njia ni nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, na wote walipaswa kumpita. Halidi alinyoosha mkono kwa wa kwanza. Yule mwanamke aliupita kama unavyopita tawi. Wa pili naye. Baada ya wachache Halidi aliushusha mkono. Raya alipita akiwa amemshika mzee Yunusi, akasema atalala Kinole mpaka msiba uanuliwe, na wala hakumwambia naye alale.

Kondo alikuja wa mwisho. Alikuwa amevua dera, amerudi kwenye shati lake la shamba.

Halidi alijua kinachopasa kufanywa. Alikusanya sauti yake, akaitafuta ile ya zamani, ya utotoni, ya kumkimbiza Kondo shambani kwa mabua. "We Kondo," alisema. "Zee zima, limepigwa virungu na bado limeshindwa kufa?"

Alingoja chochote. Tusi, mate, kofi la mkono wa kushoto. Angelipokea kama maji.

Kondo alisimama. Alimtazama kwa uso wa kawaida kabisa, uso mzuri, ule ambao mtu humpa mgeni anayeuliza njia.

"Alhamdulillahi, naendelea vizuri, Bwana Halidi," alisema. "Pole sana na msiba. Mungu amrehemu mama yako."

Kisha akasogea pembeni, kwa adabu, akampisha apite.